Faini ya Majani

Tulishuka bodaboda mbele ya stesheni,
mama kaupakata mkoba kama mtoto mwenye homa.
Hakutaka kwanza kwenda Mwanga kwa mdogo wake.
Hakutaka chai.
"Bustani," alisema, "kabla jua halijawa kali."

Lango limebaki nguzo mbili.
Huyu atakwambia kaipanda Mjerumani,
yule atakwambia Mbelgiji, akisubiri meli.
Mijakaranda haisemi kitu, imezeeka tu,
mizizi imeinua vigae vya njia
kama mtu afunuaye sufuria ya jirani.
Ziwa liko kule chini, kati ya mapaa ya bati,
na upepo wake unanuka dagaa wa Kibirizi
walioanikwa tangu alfajiri.

Mimi nilitazama miti.
Mama alitazama chini.

Mwaka wa sabini na tatu, darasa la nne,
alikatisha hapa na debe tupu la mawese kichwani,
na mwenye debe kichwani hasomi mabango.
Filimbi ikalia.
Shilingi tano.
Babu aliuza mawese ya wiki nzima, akalipa,
wala hakumpiga. Hilo ndilo lililomuuma:
hakumpiga, alinyamaza
mpaka Idi.

Bango lipo bado. Kutu imekula mwisho wake:
USIKANYAGE MA
na hayo majani yenyewe hayapo.
Udongo mwekundu, vizibo vya soda,
mbuzi wawili wasiojua kusoma.
Mama alizunguka bustani nzima, kisha akazunguka tena.
"Yako wapi?" akaniuliza,
kana kwamba ni mimi niliyeyakunja
nikayafungia kabatini.

Tuliyakuta nyuma ya choo cha zamani,
chini ya bomba linalovuja:
kijani kibichi, upana wa mkeka wa mtu mmoja.
Mama akavua viatu. Akavipanga sawasawa,
kama mlangoni pa msikiti.
Akaingia.
Vidole vya miguu vilijikunja, vikajinyoosha,
vikajikunja tena.
Nikairudisha simu mfukoni, sikupiga picha.

"Mwakeye, mama. Lakini hapo hapakanyagwi."

Kijana wa ndoo, fulana ya halmashauri iliyopauka,
jina lake Ntahondi.
Miezi saba sasa fundi anakuja kuziba bomba,
na miezi saba Ntahondi anamwambia
spana imepotea.

Mama alicheka.
Kicheko hicho nilidhani tulikizika na baba.
Akafungua fundo la kanga, akatoa sarafu,
shilingi tano ile ya pembe kumi
isiyonunua tena hata njiti ya kiberiti.
"Nimetoka nayo Tabora," alisema, "makusudi.
Mara hii nalipa mwenyewe."

Ntahondi aliigeuza, akaipima kwa kiganja,
akatafuta mfuko usiotoboka.
"Risiti sina," akasema.
Akachuchumaa, akapapasa ukingoni, pale paliposongamana,
akachomoa unyasi mmoja,
mmoja tu,
akampa kwa mikono miwili.

Kwa mama mdogo walituuliza tumechelewa wapi,
ugali umepoa, mgebuka umekauka kwenye mchuzi.
"Stesheni," alijibu mama, akinawa mikono.
"Foleni ilikuwa ndefu, we acha tu."