Usimwage Maji Yake

Maharage meusi nimeyaloweka tangu jana usiku,
kilo moja niliyoizungukia Kariakoo asubuhi nzima,
wakinionyesha ya njano, ya mistari, mekundu,
hadi kijana mmoja akacheka: "Mama, hayo meusi ni ya dawa?"
Nikamwambia ni ya msiba.
Akanyamaza, akapima.

Msiba wenyewe uko ng'ambo. Mama yake Yudelka
amezikwa Jumanne, huko Dominika kwao,
na nauli ya ndege ni bati za nyumba nzima.
Elineema alizunguka kukopa, akarudi na mikono yake.
Basi matanga tumeyaweka hapahapa Tabata Kimanga:
mkeka sebuleni, marehemu kwenye kioo cha simu,
simu kwenye chaji, ili asizimike.

Leo siku ya tatu mkamwana hajatia kitu kinywani.
Uji ameuangalia ukaganda.
Mtori wa jirani ameushukuru tu.

Nimeingia jikoni mwake, mimi
niliyesema mwaka ule wa kwanza, mbele ya wageni,
kwamba wali ni wali na maharage ni maharage,
na anayevipika chungu kimoja ana haraka ya kwenda wapi?
Makande ya mchele, niliyaita. Watu walicheka.
Yeye hakujibu. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni:
shilingi ngapi, punguza, asante.

Miaka sita nimemwangalia bila kuuliza.
Jicho linajua, mkono haujui.
Kitunguu saumu hukitwanga na chumvi, si kwa maji.
Hoho. Giligilani, majani na mashina yake.
Mafuta yaanze kunong'ona ndipo vitumbukie,
nyanya ya kopo kijiko, siki kidogo,
kisha lile jani kavu la kwao lisilo na jina kwetu,
mama yake alilituma kwenye bahasha;
limebaki la kubana kwa vidole viwili.
Nimesita.
Nimetia lote.

Na yale maji. Mimi maji ya maharage humwaga,
ndivyo nilivyofunzwa Same, yanajaza tumbo upepo.
Siku moja niliyamimina ya kwake kwenye karo,
meusi kama wino, kabla hajageuka.
Alipiga ukelele kama nimemwaga mtoto:
"Rangi, mama! Rangi yote imo humo!"
Leo nimeyapima kwa kikombe, nimeyarudisha,
na mchele wa Kyela umezama mweupe
ukaibuka umejifunga kaniki.

Nimefunika kwa jani la mgomba
(kwao ni mfuko wa nailoni, hapa umepigwa marufuku),
nimepalia makaa juu, nimekaa kwenye kigoda,
nikisikiliza chini kunavyotatarika.

Ukoko sisi tulikatazwa utotoni:
ukila, harusi yako itanyeshewa.
Harusi ya hawa ilinyeshewa toka kanisani hadi keki,
nikamtazama bibi harusi, nikajua.
Kumbe kwao wanauita konkoni,
wanaugombea ndugu na ndugu,
na mama yake, huyu wa kwenye chaji,
alikuwa akimfichia wake chini ya kawa.

Nimekwangua. Mikono yangu imezoea kusugua sufuria,
si kuibembeleza.
Pande moja limetoka zima, kama kigae,
nimelilaza juu ya wali, nimefunika kwa kawa,
nimempelekea.

Amefunua. Amekaa nalo mkononi.
Kisha limelia katikati ya meno yake
na mkeka mzima ukanyamaza.

"Chumvi haijafika, mama."

Siku tatu, neno la kwanza.
Nimeinuka mbio kuifuata,
na kopo la chumvi nimelishika pale jikoni
muda, sijui muda gani,
kabla sijaweza kurudi.