Kabla ya Ijumaa

Barua imelala juu ya friji tangu Mfunguo Mosi,
chini ya chupa ya asali ya nyuki wadogo.
Umekubaliwa kusoma shahada ya uzamili,
Dar es Salaam. Jibu kabla ya Ijumaa.

Hii ni ya tatu.
Ya kwanza ilikuja mwaka wa vuno,
mikarafuu imeinama, mikono haitoshi,
nikasema: mwakani.
Ya pili ilimkuta baba kitandani.
Mwakani.
Neno hili limezoea mdomo wangu
kama paka azoeavyo jiko la jirani.

Bi Zuwena wa masjala: Nenda kabla hujaolewa.
Mama: Olewa kwanza, upate wa kukuuliza umekula nini.
Shaame alikwenda, akarudi na joho kwenye picha,
anakalia kiti kile kile,
mguu mmoja umewekewa kigae,
na mshahara haujui kwamba aliondoka.
"Usiende kwa ajili ya cheo," kaniambia, anamenya chungwa.
"Cheo kina wenyewe."
Basi wewe ulifuata nini?
Akamenya, akamenya,
ganda refu halikukatika,
na jibu sikupata.

Methali nazo nimeziamsha usiku.
Subira yavuta heri, ikasema moja.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, ikadakia ya pili.
Nikaziacha zigombane, nikalala.

Ufadhili unalipa ada. Chumba, wali,
boti ya kurudi Idi mbili: juu yangu.
Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda,
na pembeni, bila kukusudia,
nikaandika 31, umri wangu,
kana kwamba nao ni deni.

Kisha Jumanne, maabara, Chake Chake.
Feni inazungusha joto lile lile.
Vikopo arubaini vya mkojo kutoka skuli.
Cha ishirini na tatu: Rahila Mbarouk Faki, miaka tisa.
Nikainamia hadubini,
yai likanitazama,
mrefu kiduchu umbo lake, na mwiba mmoja mkiani.

Mwaka jana nilimpima Rahila kwa fimbo ya dawa,
nikamhesabia vidonge mwenyewe.
Alitapika kidogo, akacheka.
Kijito tulikinyunyizia, konokono wakaelea.
Basi wewe, kichocho, umetoka wapi?

"Andika chanya," daktari akasema. "Tutawapa tena."
Nikaandika chanya.
Kalamu ikabaki hewani,
maana fomu ina visanduku viwili
na mimi nilishika kitu cha tatu.

Miaka saba nahesabu mayai.
Kuhesabu nakujua.
Kuuliza sikujui,
si kwa namna ya kumlazimisha konokono ajibu.

Jumatano alfajiri nikashuka kijitoni
na viatu vya mpira vya kaka yangu, vikubwa, vinakoroma.
Konokono kumi na mmoja chini ya yungiyungi.
Baada ya masika watakuwa wengi,
na nikiwa darasani Dar
nani atawahesabu?

Alhamisi usiku nikajibu:
Nakubali. Naomba kuanza mwakani.
Mama alisoma begani kwangu, akacheka
hadi mtandio ukamdondoka.
Sikumlaumu. Herufi ni zile zile.
Pengine ni woga ule ule
umevaa viatu vya mpira.
Ila mara hii mwakani ina tarehe,
ina daftari lililochorwa mistari,
na chupa ya asali imerudi kabatini.

Leo Ijumaa, kabla ya sala, kumi na wanne.
Rahila kasimama ukingoni na ndoo ya nguo.
"Unatafuta nini humo?"
Bado sijui, nikamwambia.
Shika hili kopo. Hesabu nami, kwa sauti.
Na huo mguu, mwanangu,
usiutie majini.