Kumbukumbu za Mkutano wa Pampu

Mahali: juu ya paa, jengo la tatu, Pipeline,
baina ya kamba za nguo na tangi tupu.
Saa: kumi na moja jioni. Tulianza na nusu
kwa sababu mwekahazina alikuwa kwa kinyozi.
Waliohudhuria: kumi na tisa, na mtoto wa Kemunto
aliyelala juu ya mfuko wa simenti.
Katibu ni mimi. Nilipewa kalamu
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Ajenda ya kwanza na ya mwisho: pampu.

Kemunto akasimama. Hakusalimia.
"Tulichanga elfu mbili mbili, nyumba thelathini na sita.
Hizo ni elfu sitini. Pampu iko wapi?"
Kisilu akatabasamu kama mtu aliyeokota noti.
"Mbili mara thelathini na sita ni sabini na mbili.
Ikiwa hesabu yako imepinda,
kwa nini niiamini kiu yako?"
Watu wakacheka.
Nami nilicheka, kisha nikaandika: *kicheko.*

Kisilu alisoma mantiki muhula mmoja,
chuo cha jioni, juu ya duka la redio pale Luthuli,
akatoka na majina kumi ya makosa
kama fundi aliyeuziwa spana
bila kuonyeshwa gari.

Wekulo wa orofa ya sita akasema goti lake
halipandi tena ngazi na mtungi wa lita ishirini.
"Huko ni kuiombea hoja huruma."
Saadia akasema tukikawia hadi Desemba
wenye mikokoteni watatuuzia mtungi kwa mia.
"Huo ni mteremko wa utelezi."
Ndege ikapita ikishuka uwanjani, chini kabisa,
shuka zikapepea, tukanyamaza sote:
msemaji pekee ambaye Kisilu hakumpa jina.

Pembezoni mwa daftari, kujipoza, nikaandika:

*Hoja hujibiwa hoja, si jina la ugonjwawe,*
*Nimekuuliza moja, mbona unanipa jiwe?*
*Tangi tupu linangoja, kiu haina mwenyewe,*
*Tuliochanga pamoja, jibu letu tuambiwe.*

Sikulisoma kwa sauti. Mimi ni katibu.

Ndipo Kemunto, mate yamemkauka, akasema:
"Ndugu yako aliiba sadaka kule Masii.
Damu ni damu."
Kisilu akaacha kutabasamu.
"Sasa unanishambulia mimi," akasema,
"si hoja."
Taratibu. Karibu tusisikie.

Na hapo, lazima niseme, alikuwa na haki.
Sadaka ya Masii haikuwa mkononi mwake.
Lakini alikuwa ameshika spana ile ile
aliyotupigia vidole tangu jioni,
na tuliona chuma tu.
"Anakwepa!" Saadia akapiga kelele, na wote wakapokea.
Sikuandika alichosema.
Niliandika: *mwekahazina alikwepa.*

Mkutano ukavunjika kwa giza.

Nyumbani mke wangu alisema ugali umepoa,
kwamba mimi huchelewa daima.
"Hilo *daima*," nikamjibu, "ni kujumlisha bila ushahidi."
Nilisikia utamu wake kabla sijaumeza.
Akanitazama jinsi tunavyotazama bomba
linapokohoa upepo,
akaondoa sahani.

Usiku sikulala. Nikafungua daftari,
nikafuta *alikwepa*, nikairudisha kauli yake
jinsi alivyoisema, na ya Kemunto, pamoja na sitini yake.
Kisha nikasoma kutoka juu hadi chini kwa tochi ya simu,
kurasa nne, nani kakosea nini,
nani kamwita nani,
na katika kurasa zote nne
swali la *iko wapi* limeulizwa mara moja tu,
mstari wa kwanza.

Azimio:

Nimeacha nafasi.
Chini, uani, mtu ameweka ndoo
chini ya bomba lisilotoa kitu,
na hakuliziba.