Roshi Ble

Mchora mabango wa Mlango Mmoja aliuliza mara moja tu,
akaandika alivyosikia: ROSHI BLE.
Ildefonse alicheka mpaka akakaa chini.
Jiwe la Buluu, akatueleza, ndivyo wanavyosema kwao Bujumbura.
Lakini mawe ya Mwanza hayajui Kifaransa,
acheni libaki hivyo.

Tulikuwa wanne. Kabula kwenye ngoma,
binti wa mchambua pamba, mkono wa kushoto mzito kama mchi;
Lwitakubi wa Ukerewe, solo,
aliyefumba macho kwa aibu, watu wakadhani madaha;
mimi besi, nyuzi mbili zangu, mbili za kuazima.
Na yeye mbele, suruali ya mwalimu,
sauti ya mtu aliyemeza changarawe.

Mji ulitaka rumba.
Mwenye baa ya Kirumba akatuonya: pigeni mtakacho,
ila kiuno kiwepo.
Hakikuwepo. Tulilipwa sato,
siku nyingine kichwa chake tu.

Kisha Jumamosi moja umeme ukakatika.
Hakunyamaza. Gitaa kavu, giza, roki imegeuka mnong'ono,
na wanawake waanika dagaa wakaja dirishani
magamba yaking'aa mikononi,
wakalia.
*Jetedwa*, wakaitikia, *jetedwa*,
kila mmoja akimjua anayemlilia.
Mwaka ule Igogo alizaliwa mtoto, akaitwa Jetedwa.

Tukavuka Bukoba, tukavuka Musoma,
spika zimelala juu ya mikungu ya ndizi.
Tukarekodi mkanda mmoja redioni;
wakaufuta, wakasomea bei ya pamba.

Bendi haikuvunjika, ililiwa kidogo kidogo.
Kabula akaenda kiwanda cha minofu,
barafu ikamfisha vidole ganzi.
Lwitakubi akauza gitaa, akanunua injini ya mtumbwi.
Ildefonse tulimzika Igoma. Mvua ya rasharasha,
hakuna aliyeimba, nani angeyapatia matamshi?

Daftari lake nikalipeleka kwa mtawa wa Bugando.
Akavaa miwani. Akasoma. Akaanza kutabasamu.
*Je te dois*, mwanangu, si mapenzi.
Ni "nadaiwa nawe".
Wimbo mzima ni madeni:
mama wa chai, shilingi nne;
fundi viatu, soli moja;
mwenye nyumba, miezi ambayo hakuihesabu.

Na mstari wa mwisho, ule aliouvuta
mpaka dirisha likatetemeka:
Masalu, nyuzi mbili za besi,
Ijumaa, Mungu akipenda.