Ankara ya Vibao

Halmashauri imenikabidhi vibao sita vya bati,
kopo la rangi nyeupe, kopo la nyeusi,
na karatasi yenye muhuri: nyumba alizoishi
Mheshimiwa Ambakisye Mwalukasa,
mbunge wa kwanza wa upande huu.
Malipo kwa herufi. Nauli juu yangu.

Nimeanzia Iringa, Gangilonga, nyumba ya mawe
aliyopewa na Serikali mwaka wa sitini na mbili.
Siku hizi ni kliniki ya meno.
Daktari akauliza kibao kikae juu ya bei ya kung'oa
au chini yake.
Nikakiweka chini.

Mafinga alipanga chumba kwa fundi cherehani.
Mtoto wa fundi, naye kichwa kimeshakuwa cheupe,
anachokumbuka ni kikohozi,
na koti la sufu ambalo baba yake alilishona usiku kucha
na ambalo halijalipwa hadi leo.
HAPA ALIISHI, nikaandika. Deni nikaliacha lilipo.

Makambako hakuna nyumba. Barabara iliipitia.
Kibao nimekifunga kwenye nguzo ya umeme
na kabla rangi haijakauka
muuza mahindi ya kuchoma alishatundika mfuko wake.

Njombe, Julai. Vidole vilikataa brashi.
Mlinzi wa bohari akanisogezea kikombe cha ulanzi,
halafu kingine.
Ile M ya Mheshimiwa imelala ubavu kidogo.
Atakayekagua ajue ni baridi.

Njiani watu walinipa safari zake bila kuombwa:
jinsi alivyoteremka Kitonga usiku, taa moja imekufa,
dereva Mwakasala akiimba ili asisinzie;
jinsi alivyokwenda Ulaya wiki tatu
akarudi na mwavuli mweusi wa mpini wa mfupa,
na mvua ya Rungwe, isiyojua mgeni wala mkubwa,
ikaugeuza nje ndani siku hiyohiyo.

Mbeya, chini ya Loleza, nimepigilia cha tano.
Nikiwa bado juu ya ngazi
mama mmoja wa nyumba ya pili akanitazama mpaka nikashuka.
"Kijana, hapa kwangu hapamo kwenye karatasi yako?"
Nikasema hapamo.
"Vizuri," akasema, akafunga dirisha.

Kimebaki kimoja, cha Tukuyu.

Bibi Tusekile alikuwa anapalilia maharage kati ya migomba,
miaka tisini na moja, mgongo umekunjwa kama mundu.
"Umechelewa," akasema. "Hata yeye alikuwa hivyo."
Matofali alichoma mwenyewe kwa pesa ya kahawa.
Bati alinunua moja moja,
vyumba viwili vikavuja hadi mwana wa tatu alipoota meno.
Bwana alikuwa anafika na Landrova,
dereva haruhusiwi kuzima injini.
Alikunywa chai amesimama.
Alisifu migomba.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu,
akakimimina kwenye ungo mbele yangu:
maharage makavu, meusi, yametobolewa na dumuzi.
"Kila usiku aliolala hapa nilitia moja.
Hesabu. Macho yangu hayaoni tena."

Nikahesabu. Nikarudia, maana nilidhani nimeruka.
Arobaini na moja.
Miaka ishirini na miwili ya ndoa.

Sikujua la kusema, nikaomba maji ya kuoshea brashi.
Alileta ya moto, kwa sababu ya baridi,
akakaa kizingitini kuangalia mkono wangu
nilipopaka bati jeupe, nikachora mstari kwa penseli,
nikaandika

HAPA ALISUBIRIWA

kisha jina lake lote, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.
Hakujua kusoma. Akauliza nimeandika nini.
Nikamwambia.
Akanyamaza kitambo, kisha akasema
kibao kimepinda, nikishushe kushoto.

Mheshimiwa Mhasibu, angalia ukurasa wa pili:
kibao cha sita kina herufi nne zaidi ya vingine.
Zote nimezihesabu. Naomba zilipwe.