Ngazi ya Lindqvist

Muswada una kurasa kumi na moja.
Lindqvist ameusoma mara mbili, jikoni,
theluji ya Duluth ikipapasa kioo:
atakayeunda chombo kinachoshawishi wizi
atahesabiwa mwizi.

Kinachoshawishi.
Anakigeuza kifaa kiganjani,
kidogo kama kiberiti, kitufe kimoja chekundu.
Kimshawishi nani? Hakina hata mdomo.
Basi seremala wa ngazi naye afungwe
kwa ajili ya dirisha la ghorofani?

Ila leo mezani yupo shemeji yake Toivo,
mpiga kodiani. Albamu yake waliinunua watu arobaini;
wanaoiimba hawahesabiki.
"Ngazi yako, Nils," anasema, akipuliza kahawa,
"uliiuza ikiwa tayari imeegemezwa dirishani kwangu."

Jokofu linanguruma.

Lindqvist anamkumbuka mama: kaseti ya mahubiri,
selotepu juu ya kitundu, kidole kikisubiri
mtangazaji anyamaze, kwaya ianze.
Zile nyimbo ndizo zilizomzika.
Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Anachukua bisibisi, anakifungua kifaa,
anachungulia kama atafutaye
pa kutia dhamiri.
Betri imekula nafasi yote.