Mstari wa 417

Julai, Kabete. Baridi imekaa dirishani
kama mgeni asiyeaga.
Unga hauumuki. Tumeusogezea taa,
tumeufunika kwa sweta yangu.
Vibati ishirini na vinne, kila kimoja na namba yake,
maana hapa mkate haupewi jina mpaka usimame.

417 naujua.
Niliuzaa kwa kibano miaka saba iliyopita,
nimepiga magoti shambani, tumbo langu linagusa masuke,
niking'oa udume wa suke chembe kwa chembe,
nikilivika bahasha ya kaki
upepo usije ukaposa kabla yetu.
Mama yake wa Narok: mfupi, haogopi kutu.
Baba katoka mbali, mwembamba, dhaifu wa shina,
lakini unga wake
ulivutika kama ulimbo, ukavutika, haukukatika.
Nikasema mtoto atasimama kwa miguu ya mama
na kupanda kwa pumzi za baba.
Juma lile lile nikajifungua Nafuna.

Misimu saba. Kutu ilipita ikila majirani,
wenyewe ukabaki kijani, kichwa juu.
Magunia yalijaa. Wakulima waliulizia mbegu
kabla hatujamaliza kupima.

Sasa Kiilu anafungua tanuri.

Harufu ni ile ile; harufu haijui namba.
Mikate ishirini na mitatu imeinuka,
mingine hadi kupasuka kipaji.
417 umejikunyata pembeni
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, jibu hana.

Tunautia kisandukuni,
tunaumwagia mbegu za haradali mpaka pomoni,
tunapima zilizokosa nafasi.
Chache.
Kiilu anapima tena, kwa ajili yangu.
Chache.

Nyama yake imeshikana, vitundu haba.
Kule Eneo la Viwanda wanataka hewa:
mkate mrefu wa kujaza karatasi,
uubonyeze, urudi.
Sina la kubishana na sanduku la haradali.
Naandika kwa wino: UTUPWE.
Herufi sita. Mwaka wa saba haukupata yake.

Jioni, Kangemi, nautoa mkobani, umefungwa gazetini.
Nafuna anakata kipande, anakichovya chai,
anahesabu kwa midomo, bila sauti.
Ni mchezo wake na mkate wa dukani,
ule ambao hufia kikombeni kabla ya tano.
Kumi.
Kumi na tano. Chai inapoa.
Ishirini.
"Mama, huu haukatiki!"

Fomu yetu ina safu ya urefu, ya ujazo,
ya rangi ya gamba, ya ulaini wa nyama.
Naipekua yote kichwani, mbele na nyuma.
Haina safu ya chai.

Anadai ncha, ile ngumu. Nampa.
Kesho kuna madonge mengine ishirini na manne,
na redio inasema baridi itazidi.